Mteja wa Tawi la Mfano

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, simu ya kituo cha huduma ililia kwa mara ya kwanza. Dada wa simu alivaa vipokea sauti, akatamka salamu iliyobandikwa ukutani mbele yake, akasikiliza kidogo, akaandika kwenye kompyuta: bomba limepasuka, mtaa wa mafundi cherehani. Saa mbili na dakika ishirini na tisa taarifa ile ilikuwa imekwisha kufungwa. Kwenye kioo, neno jekundu liligeuka kijani: imetengenezwa.

Mkaguzi kutoka makao makuu alikuwa ameketi kando yake kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Aliona kwamba dada hakumwuliza mpigaji jina wala nyumba. Aliona kwamba redio ya kuwaita mafundi, ambayo antena yake ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi, haikuguswa. Kisha akachungulia dirishani. Uwanja wa magari ulikuwa mtupu, kama ulivyokuwa alipoingia, kabla simu yoyote haijalia.

"Kazi nzuri," alisema.

"Tunajitahidi, mama," dada akajibu. Macho yake hayakutoka kwenye kioo.

Wakala wa Maji ulikuwa katikati ya mageuzi. Kila tawi lilipewa kituo cha simu, namba ya bure, na kompyuta iliyohesabu muda tangu mteja anapopiga hadi hitilafu inapotengenezwa. Kati ya matawi yote saba, hili lilikuwa limetoka mkiani hadi kichwani ndani ya mwaka mmoja, likaitwa tawi la mfano, tena likiwa na kikosi kimoja tu cha mafundi mahali ambapo mengine yana viwili. Wakubwa makao makuu wakaanza kujiuliza: kama kikosi kimoja kinatosha hapa, kwa nini kwingine viwe viwili? Pendekezo la kupunguza nusu ya mafundi wa matawi yale mengine lilikuwa tayari. Lilingoja sahihi ya mtu mmoja wa kuthibitisha kwamba takwimu za tawi hili ni za kweli, na sahihi hiyo ilitakiwa Ijumaa.

Mtu huyo alikuwa mkaguzi. Na mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, alikuwa fundi katika kikosi cha pili cha tawi lingine.

Hakulificha. Siku aliyokabidhiwa kazi alimwambia mkuu wake kabla hajaketi. Mkuu alitabasamu. "Najua. Ndiyo maana nakutuma wewe. Ukisema takwimu ni za kweli, nani atakushuku?"

Hakumwambia itakuwaje akisema ni za uongo.

*

Mtaa wa mafundi cherehani ulikuwa mbali kidogo. Dereva wa pikipiki alikwenda kasi, na hata hivyo walitumia muda mrefu kuliko ule ambao taarifa ilikaa wazi. Mahali bomba lilipopasuka palikuwa mbele ya kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akishona sare za shule. Mtaro ulikuwa umefukiwa na kushindiliwa. Mkaguzi aliinama, akaugusa udongo. Juu ulikuwa mkavu na umeanza kufanya ukoko. Aliomba ufunguo wa kisanduku cha mita, akatazama: kiungio kipya, kimekazwa sawasawa, hakuna tone.

Kwa hiyo kazi ilifanyika. Hilo hakulitegemea.

"Mama, bomba hili lilipasuka saa ngapi leo?"

"Leo?" Mama cherehani aliondoa mguu kwenye kanyagio. "Lilipasuka jana mchana, mwanangu. Maji yaliingia mpaka humu, vitambaa vya watu vikaloa. Wamekuja asubuhi hii, alfajiri, wamechimba hapa mpaka mume wangu akaamka anatukana."

"Ulipiga namba ya bure?"

"Namba gani hiyo?"

"Ya Wakala. Ipo kwenye matangazo."

"Matangazo tunayaona. Mimi nilimpigia Spana." Akakigeuza kifuniko cha mita juu chini. Ndani yake, kwa rangi nyeupe ya mafuta, ilikuwa imeandikwa namba ya simu. "Mtaa mzima ndivyo. Huyu ukimpigia, leo hatafika kesho atafika. Hao wengine mimi siwajui."

Spana lilikuwa jina la utani la msimamizi wa mafundi. Mkaguzi aliifananisha namba ile na namba ya bure. Hazikufanana hata kidogo. Basi nani alipiga simu asubuhi ile, wakati shimo lilikuwa limekwisha kufukiwa? Alifungua vifuniko vitano vya jirani. Vyote vilikuwa na namba ile ile, mwandiko ule ule.

Alikuwa amewahi kuona tawi lililotengeneza hitilafu za karatasini ili kujizolea sifa. Hapa hitilafu ilikuwa ya kweli, matengenezo ya kweli, na kati ya hayo mawili palikuwa na simu isiyo na mwenyewe. Jambo hilo lilimtia shaka kuliko wizi wa wazi.

Mchana mdogo wake alimpigia.

"Dada, hujambo? Nasikia wanakuita Kipimajoto huko."

"Nani kakwambia?"

"Mafundi tuna masikio. Wanasema unaingizwa kila mahali, unasoma homa za watu, mwenyewe huumwi."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nakukumbusha tu. Ukisema nusu ya mafundi inatosha, mimi ndiye ile nusu nyingine. Na nina watoto wawili wanaokuita shangazi."

"Usinipigie tena mpaka Ijumaa."

"Haya, bosi," alisema, akacheka kicheko ambacho hakikufika mwisho.

Alipokata simu mkaguzi alijiuliza jambo ambalo lingemuudhi kama angeulizwa na mtu mwingine: je, ule ukoko wa udongo angeuona kama mdogo wake angekuwa mwalimu au dereva? Aliona kwamba hawezi kujijibu. Akaamua kwamba kuanzia hapo ataandika tu yale ambayo mtu asiyempenda angelazimika kuyakubali.

*

Meneja wa tawi alimkaribisha ofisini kwake Jumatano asubuhi, akamwagizia chai, akafunga mlango. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya kubembeleza. Nyuma yake ukutani kulikuwa na kioo kikubwa kilichoonyesha taarifa zote za siku. Kilikuwa kijani kitupu.

"Nasikia jana ulitembelea mtaa wa cherehani," alisema.

"Nilitembelea."

"Ungeniambia ningekupa gari. Mkaguzi kupanda pikipiki!" Alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Wanawake wa pale wana maneno. Ukiwauliza watakwambia hata mimi sipo."

"Hawakusema hivyo. Nani huwapa mafundi kazi asubuhi?"

"Mfumo."

"Kupitia redio?"

"Kupitia mfumo," Meneja alirudia, kisha akaweka kijiko chini. "Dada yangu, tuongee kama watu wazima. Nasikia una mdogo wako kule kwa wenzetu. Fundi mzuri, nasikia. Mimi sisemi kitu. Ila takwimu zangu zikikutwa na kasoro, watu watauliza kasoro hiyo imemfaidi nani."

"Watauliza. Na wana haki."

Meneja alitazamia kukanushwa, au hasira. Alipokosa vyote viwili akanywa chai yake kwa mkupuo mmoja, akaungua.

Mkaguzi alipotoka alisimama kidogo uwanjani. Gari la mafundi lilikuwa linaingia. Spana alishuka upande wa abiria, mtu wa makamo, mfupi, mabuti yamejaa tope, simu mbili shingoni kwa kamba. Moja ililia kabla mguu wake wa pili haujagusa chini.

"Sema, mama. Linavuja au linatiririka? Basi weka ndoo, kesho mapema." Akakata. Akamwona mkaguzi. "Umepotea, dada?"

"Sijapotea. Natafuta mtaa ambao hujawahi kwenda."

Aliuliza hilo kwa sababu vifuniko vilikuwa vimemwelekeza. Kama namba ya Spana ndiyo iliyoendesha tawi, basi palipokosa vifuniko vyake ndipo pa kupima namba ya bure.

Spana alijikuna kidevu. "Mimi nimefika kote. Labda huko juu kwenye nyumba mpya, karibu na tangi. Kule waliwekewa mabomba na mkandarasi, hata mita zao zinafunguliwa na ufunguo mwingine. Hawanisumbui." Akamtazama toka kichwani hadi viatuni. "Kwani umetumwa kutafuta nini hasa?"

"Ukweli wa takwimu."

"Eh. Basi vaa mabuti."

*

Mtaa wa juu ulikuwa na nyumba zilizofanana, kuta bado zikinuka rangi. Kabla hajafika kwenye tangi, mkaguzi aliyasikia maji. Yalikuwa yakitoka chini ya ukuta wa nyumba ya kona, yanateremka barabarani na kuchimba mfereji wake yenyewe. Langoni alisimama muuguzi mstaafu, mwanamke mrefu aliyevaa kofia ya mume wake, akipanga matofali kuzuia maji yasiingie ndani.

"Wewe ni wa maji?" aliuliza bila salamu.

"Ni wa makao makuu. Yameanza lini?"

"Wiki iliyopita. Bombani kwangu hakuna tone, na hapa nje nina mto. Nimepiga namba yenu mara tatu. Mara ya kwanza binti alinicheka. Nikadhani nimekosea namba."

"Alikucheka vipi?"

"Alicheka kama tunafahamiana! Halafu kila nikipiga naletewa ujumbe kwenye simu kwamba tayari. Nikatoka nje nione hiyo tayari. Hii hapa, unaikanyaga."

Mkaguzi hakutaka kusimuliwa. Alichukua simu yake binafsi, ambayo namba yake haikujulikana na yeyote katika tawi lile, akapiga namba ya bure, akaweka sauti ya nje ili muuguzi asikie.

Salamu ya ukutani ilisikika yote, neno kwa neno. Kisha mkaguzi akasema, "Naripoti bomba lililopasuka, mtaa wa juu, karibu na tangi."

Dada wa simu akaangua kicheko.

"Hee! Leo mmepatia kabisa! Hiyo sauti ya kike ni ya nani? Ya yule fundi kijana wa sululu? Au Spana amempa mke wake simu?"

"Mimi ni mteja," mkaguzi alisema.

"Ndiyo, mteja, mteja. Si nyote wateja? Siku ile mzee mwenye kikohozi, juzi yule mama wa kigugumizi, nilicheka mpaka Meneja akachungulia. Haya, mtaa wa juu, nimeandika. Kule hamjaenda muda mrefu, hongereni. Na msipige nyingi leo, kuna yule Kipimajoto humu ndani, sijui kajificha wapi." Akakata.

Muuguzi alikuwa ameshika tofali hewani. "Mmemwajiri huyo, au ni mgonjwa?"

Mkaguzi alikuwa ameshalielewa jambo lote, na lilikuwa dogo na la kutisha kuliko alivyodhani. Dada wa simu hakuwa mwongo. Kwa muda mrefu kila aliyempigia alikuwa fundi, amesimama kando ya shimo lililokwisha kufukiwa, akijifanya mwananchi. Hapakuwa na sababu ya kumwita yeyote kwa redio. Alichobakiza dada ni kungoja dakika chache ili isionekane ajabu, kisha afunge. Na siku mwananchi wa kweli alipopiga, hakuwa na namna ya kumtambua.

Simu ya mkaguzi ilitetemeka. Ujumbe ulisema: Hitilafu uliyoripoti imetengenezwa. Asante kwa kutuamini. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu yake.

Angeweza kuandika taarifa yake pale pale. Alilitafakari hilo, akaona jinsi ambavyo ingesomwa: dada mtu ameyaona maji yaliyomwokoa mdogo wake. Akampigia Meneja.

"Njoo mtaa wa juu," alimwambia. "Na msimamizi wako wa mafundi."

"Kuna nini?"

"Njoo uone. Usiniulize mimi."

*

Walikuja kwa gari la mafundi, kikosi kikiwa nyuma, Meneja katikati ya Spana na dereva, amebeba viatu vyake mapajani. Alipoyaona maji alisema haraka, "Hili limetokea leo."

"Wiki iliyopita," alisema muuguzi.

"Mama, tafadhali..."

"Usiniite mama ukiwa mkavu. Shuka kwanza."

Spana alitema mate pembeni kuficha kicheko. Meneja akashuka, akakunja suruali. Mkaguzi aliwaeleza, bila kupandisha sauti, alichokisikia kwenye simu na ujumbe alioupokea. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia na uso mwingine, usio na ubembelezaji.

"Kwa hiyo umepata ulichokitafuta. Umekuja na jibu mfukoni, sasa umelitafutia swali. Nani atathibitisha kwamba hukupanga na huyu mama?"

"Hakuna," mkaguzi alisema. "Ndiyo maana bado sijaandika. Una namba ambayo ofisini hawaijui?"

"Kwa nini?"

"Piga wewe. Ripoti maji unayoyakanyaga. Ukiletewa fundi kwa utaratibu wa mfumo, nitasaini kwamba takwimu ni za kweli, na mdogo wangu atatafuta kazi nyingine. Huyu mama na Spana wanasikia."

Meneja alimtazama Spana. Spana alitazama tangi. Mkaguzi aliona kwamba Meneja hakumwuliza msimamizi wake swali lolote, wala hakushangaa kwamba mafundi hujipigia simu. Hakuweza kusema jambo hilo lina maana gani, kwa hiyo aliliacha.

"Kama takwimu zako ni za kweli," alisema, "una hasara gani?"

Meneja alitoa simu ndogo kwenye mfuko wa ndani wa koti. Alipiga. Aliripoti kwa maneno machache kama mtu anayeagiza kitu asichokitaka. Dada wa simu alipokea, akacheka kidogo tu safari hii.

"Huo mtaa wa juu leo mmeuvalia njuga! Na wewe sauti yako kama ya bosi, utanifukuzisha kazi. Haya, nimeandika."

Wakangoja. Muuguzi aliendelea kupanga matofali yake, akiyalaumu kwa kupitisha maji. Hatimaye simu ndogo ikalia mlio mmoja. Meneja aliusoma ujumbe, akausoma tena, akamkabidhi mkaguzi simu bila kumtazama. Imetengenezwa. Asante kwa kutuamini.

Spana ndiye aliyeanza kusema. "Bosi, mimi sikuanza kwa ubaya. Siku ya kwanza kompyuta yenu ilininyima kiungio. Storini wananiambia hakuna mteja aliyepiga. Mteja yuko kwake anaogelea, amenipigia mimi. Nikasema basi, mteja nitakuwa mimi. Baadaye nikawa na viungio vya akiba garini, nikawa napiga nikimaliza kazi, kwa sababu kabla ya hapo mikono yangu ilikuwa kwenye maji. Halafu mkaanza kutupigia makofi."

"Ungeniambia," Meneja alisema.

"Nilikuambia, bosi. Ukasema nisikuharibie kijani."

Mkaguzi aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, na pembeni akaandika: hayajathibitishwa.

"Na hawa wa huku juu?" alimwuliza Spana. "Wasio na namba yako?"

Kwa mara ya kwanza Spana alionekana kutafuta mahali pa kuweka mikono yake. "Nilidhani hawana shida," alisema. "Hawakupiga."

"Nilipiga," alisema muuguzi.

Spana akavua kamba ya simu shingoni, akampa dereva. Alichukua sululu. "Naruhusiwa kutengeneza, dada, au tusubiri mtu apige?"

"Tengeneza."

Wakati mafundi wakichimba, mkaguzi aliandika taarifa yake juu ya boneti ya gari. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kazi hufanyika, kwamba muda uliorekodiwa si muda wa kazi hiyo, kwamba mteja anayefuata utaratibu rasmi hahudumiwi, na kwamba kwa takwimu hizi haiwezekani kujua kikosi kimoja kinatosha au hakitoshi. Ilieleza pia undugu wake na fundi wa tawi lingine. Mwisho aliacha nafasi ya shahidi, akamsogezea Meneja kalamu.

"Nikikataa?"

"Nitaandika kwamba umekataa, na simu yako nitairudisha."

Meneja aliisoma taarifa yote, akitafuta neno moja la chuki la kushikilia. Halikuwepo. Akasaini, mkono ukiwa bado na tope.

Ijumaa saa kumi alasiri tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa makao makuu na nakala zikatumwa kwa matawi yote saba. Lilisema kwamba upunguzaji wa mafundi umesimamishwa, na kwamba takwimu za tawi la mfano zitapimwa upya, na mkaguzi mwingine.